Maumivu ya mishipa ya fahamu: kikundi cha wagonjwa kinasaidia kweli au ni kukaa na kulizana?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61, niko Muheza. Mwaka juzi nilipata mkanda wa jeshi ubavu wa kushoto, vipele vikapona lakini maumivu yamebaki mpaka leo, panawaka moto na hata khanga ikinigusa naruka. Nesi wa kliniki ametushauri tuanzishe kikundi, mimi na wagonjwa wengine wa maumivu ya mishipa ya fahamu, wengi wao ni watu wa sukari na wao ni miguu. Mwanangu naye ameniunga kwenye grupu la WhatsApp la watu kama 200. Je, haya mambo yanasaidia au tutakuwa tunakaa kulizana tu? Halafu naogopa, huku kwetu ukitaja mkanda wa jeshi watu tayari wana yao ya kusema.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, sio daktari wa kuandika dawa, ila watu wa maumivu sugu ndio nakaa nao kutwa, na vikundi vya namna hiyo nimeviona vingi, vilivyosimama na vilivyokufa. Kwa hiyo mambo ya dozi tumwachie daktari wako, mimi nikujibu ya kikundi.

Kinasaidia. Ila sio kwa namna ambayo wengi wanategemea, ndio maana mtu anaenda mara mbili anaacha, anasema hamna kitu pale. Ukienda ukitegemea ule moto wa ubavu upungue nusu kwa sababu umekaa na wenzako, haupungui. Mwaka 2007 yalitoka mapitio ya tafiti 17, watu zaidi ya 7,000 wenye magonjwa sugu waliopitia mafunzo ya vikundi yanayoongozwa na watu wa kawaida badala ya madaktari, na kilichoonekana ni kwamba maumivu yalishuka kidogo tu, uchovu na huzuni navyo kidogo, na kilichopanda ni ile hali ya mtu kujiamini kwamba hili jambo nitalimudu. Najua utasema sasa hiyo si ndogo? Kwa mtu mwenye usingizi wa shida tangu mwaka juzi mimi siioni ndogo, maana anayeamini atamudu ndiye anayemaliza mwezi na dawa yake, ndiye anayetoka kutembea, ndiye anayeenda harusini hata kama ataondoka mapema.

Ugonjwa wenu una balaa lake, hauonekani. Aliyevunjika mguu ana plasta nyeupe kila mtu anaiona, kwenye daladala anapishwa kiti. Wewe vipele vimekauka, makovu yako ndani ya nguo, picha ya kifua iko safi, damu iko safi, na bado khanga ikikugusa unaruka. Hapo ndipo maneno yanapoanza, mara anajidekeza, mara tangu astaafu anatafuta kuhurumiwa, mara kuna mkono wa mtu. Na mgonjwa mwenyewe akisikia hivyo kila siku anafika mahali anajiuliza labda kweli ni kichwa changu.

Sio kichwa chako. Kirusi cha tetekuwanga uliyougua utotoni hakikuondoka mwilini, kilijificha kwenye mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu, pembeni ya uti wa mgongo miaka yote hiyo, kinga ilipolegea kikaamka kikafuata neva mpaka kwenye ngozi, ndio maana mkanda unakaa upande mmoja tu wa mwili. Vipele vikipona kinaweza kuwa kimeshaijeruhi neva yenyewe, na neva iliyojeruhiwa inatuma taarifa ya maumivu hata pasipo na kidonda chochote. Maumivu yakivuka miezi 3 yanahesabiwa kuwa sugu, na tangu 2022 lilipoanza kutumika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, maumivu sugu yana sehemu yake kabisa, hayatajwi tu kama dalili ya kitu kingine. Kwa hiyo atakayekwambia hakuna ugonjwa hapo, upo na umeandikwa.

Sasa kikundi kinaingia hapo. Unakaa na watu sita au saba ambao hakuna hata mmoja atakayekuuliza "lakini si ulishapona?". Unasema shuka linaniumiza na mwenzako wa sukari anaitikia kabla hujamaliza, kwa sababu yeye anatoa miguu nje ya shuka kila usiku. Nimeona watu wazima wanalia siku ya kwanza kwa hilo tu, na sio kulizana unakokuogopa wewe, ni mtu ameshusha mzigo.

Cha pili kinachopatikana kwenye kikundi ni vitu vidogo ambavyo daktari hana muda wa kukwambia au hata havijui, havimo kwenye vitabu vyake. Mfano huo wa khanga. Kwa wengi wenye shida kama yako kinachoumiza zaidi ni kitu kinachogusagusa na kupepea, sio kinachobana, kwa hiyo fulana ya pamba laini iliyokaa mwilini sawasawa, mishono ikiwa nje, inasumbua kidogo kuliko gauni pana linalocheza kila ukipiga hatua. Hilo wagonjwa wanafundishana wenyewe kwa wenyewe, kuna mama mmoja alikuwa anawageuzia wenzake fulana ndani nje palepale kwenye kiti anawaonyesha mshono gani ni adui. Jaribu, ukiona haikufai acha.

Na dawa. Hapa ndio kikundi kinaokoa watu wengi zaidi kwa maoni yangu. Maumivu ya neva hayasikii sana panadoli wala diklofenaki, na kwa mtu wa sukari kuchomwa diklofenaki mara kwa mara ni kuzitafuta figo zake. Dawa zinazotumika ni za njia nyingine, amitriptilini, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Sasa mtu anaandikiwa amitriptilini, dozi ndogo ya kumeza usiku, anafika nyumbani mtoto anaitafuta kwenye simu anakuta imeandikwa ni dawa ya sonona, basi kwisha, "kumbe dokta ananiona kichaa", kopo linatupwa. Au anaimeza siku tatu, mdomo unakauka, asubuhi anaamka mzito, maumivu palepale, anaacha. Wakati dawa hizi zinataka wiki kadhaa ndio ujue kama zinakufaa, na zinaanza chini zinapanda taratibu. Ukiwa na mwenzako aliyepita hapo anakwambia mimi ule uzito wa asubuhi uliniisha baada ya muda, nilikuwa naimeza mapema jioni badala ya kusubiri saa ya kulala, kaa na maji karibu, hayo maneno yanabeba kuliko kikaratasi cha ndani ya boksi. Ila aseme ya kwake tu, asikupangie dozi. Na kwa umri wako Mwalimu, kama umepewa hiyo, ukiamka usiku kwenda chooni kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kidogo kabla hujasimama, maana inaleta kizunguzungu na watu wanaanguka. Kama una shida ya moyo, presha ya macho au mkojo unaotoka kwa shida, daktari lazima alijue hilo kabla.

Umeuliza kuchanganyika na watu wa sukari. Changanyikeni tu, msitafute wenye mkanda wa jeshi peke yao, mtakaa miaka. Maumivu ya neva yanakuja kwa njia nyingi, sukari, mkanda wa jeshi, VVU vyenyewe, dawa za TB za izoniazidi kama hazikuambatana na vitamini B6, baadhi ya dawa za saratani, ukoma, pombe, upungufu wa vitamini B12 ambao hata metfomini, dawa ya sukari, ikitumika miaka mingi inaweza kuuleta, lakini usiku ukifika wote wanasema yaleyale, panawaka, panachoma sindano, shoti ya umeme, ganzi. Tofauti moja tu ishikeni sana. Wenye sukari miguu inauma na wakati huohuo imekufa ganzi, kwa hiyo mtu anaweza kuingiza mguu kwenye beseni la maji ya moto kutafuta nafuu, ukaungua asijue. Kwa hiyo ushauri wa maji ya moto, chupa ya moto, barafu, usipite kwenye kikundi chenu kirahisi hivyo. Na tafadhali mtu asipake pilipili ya jikoni. Kuna krimu ya maumivu inayotengenezwa na kiambato cha pilipili, ni kweli, kipimo chake kinajulikana, sio ile ya kutwanga kwenye kinu.

Sasa tuje kwenye kulizana, maana hofu yako ina msingi. Kikundi ambacho kila mtu akifika anasimulia jinsi wiki ilivyokuwa mbaya na wa pili anaonyesha yake ilikuwa mbaya zaidi, mtu anarudi nyumbani anaumwa kuliko alivyokuja. Nimeviona. Vya namna hiyo mimi nasema bora visiwepo. Penney Cowan aliyeanzisha chama cha wagonjwa wa maumivu sugu Marekani mwaka 1980, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, vikundi vyao vilijengwa juu ya hilohilo, kwamba dalili zisiwe ndio mazungumzo, mazungumzo yawe namna ya kuishi.

Njia ninayoipenda ni ya Kate Lorig na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walioanza na watu wa baridi yabisi mwishoni mwa miaka ya 70, baadaye wakaichukua kwenye magonjwa sugu yote. Kozi ni wiki 6, saa mbili na nusu kwa wiki, na viongozi wenyewe wana magonjwa hayo. Kuna mambo mengi mle ila moyo wake ni mpango wa wiki. Kila mtu kabla hajaondoka anasema kitu kimoja atakachofanya, kiasi gani, saa ngapi, siku ngapi kwenye wiki, halafu anasema kutoka 0 mpaka 10 ana uhakika gani atakifanya. Akisema chini ya 7 mpango unapunguzwa palepale mpaka ufike 7. Wiki inayofuata anaanza na hilo, nilifanya, sikufanya, nini kilinikwamisha, na wenzake wanasaidia kutafuta njia.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Mama mmoja alisema wiki hii nataka niweze kufua. Wenzake wakamuuliza unafuaje? Akasema nikiamka siku maumivu yamelala nafua zote, za watoto, mashuka, mapazia, kisha nalala siku tatu siwezi hata kushika ufagio. Mzee mmoja akamuuliza, ndoo ngapi? Nne. Uhakika? Akasema 4. Wakaanza kupunguza kama wanajadiliana bei sokoni, ndoo mbili, mbili lakini umekaa kwenye kiti, mwisho wakaishia ndoo moja, asubuhi, siku tatu za wiki, na hata siku akijisikia vizuri asiongeze ya pili. Hilo la mwisho ndilo lilimshinda kulikubali! Akasema uhakika 8. Wiki ya pili alikuja kafua siku zote tatu na hajalala hata siku moja. Maumivu yapo palepale, ila nguo zimefuliwa. Mimi ningemwambia hayo kwenye chumba changu angeitikia ndio mtaalamu halafu angeenda kufua ndoo nne.

Kuhusu siri, hilo lisemeni siku ya kwanza kabla ya chai. Sheria iwe moja rahisi, mtu anataja panapomuuma, halazimiki kutaja ugonjwa ulioleta. "Mimi ni ubavu, usiku." Inatosha, kikundi kitakusaidia vilevile. Ni kweli VVU vinaongeza uwezekano wa kupata mkanda wa jeshi na kila anayeupata anashauriwa apime, lakini umri peke yake unatosha kuuleta, kuanzia miaka 50 kinga dhidi ya kirusi hicho inapungua kwa watu wote, kwa hiyo wanaonong'ona wanajua nusu ya habari. Ila najua kujua hivyo hakukuondolei minong'ono, na huna deni la kumweleza mtu. Na msikae pale kwenye mabenchi ya kliniki foleni yote inawasikia, tafuteni chumba au kivuli cha mbali kidogo. Siku iwe ileile ya kliniki ya sukari, kwa sababu nauli ya bodaboda mara mbili kwa mwezi ndiyo iliyoua vikundi vingi kuliko ugomvi.

Watu wangapi? Sita mpaka kumi. Chini ya hapo wawili wakiumwa hamna kikao, ingawa hata wawili tu mnaopigiana simu Jumatano na Jumamosi ni kitu, usidharau. Zaidi ya hapo wengine watakuwa wasikilizaji.

Na uongozi, Mwalimu, nivumilie hapa. Watakuchagua wewe. Umeshika chaki miaka yote hiyo, wataona wewe ndiye. Kubali kutunza muda, kataa kufundisha, maana mwalimu akikaa mbele wengine wanageuka darasa, wanasubiri waambiwe. Kiongozi azunguke, leo huyu kesho yule, na yule mzee asiyejua kusoma naye aongoze, kinachohitajika ni kuuliza tu "wewe wiki hii ulisemaje, imekuwaje". Nesi aje siku moja moja kujibu maswali ya dawa na kukagua miguu ya watu wa sukari, sio kila kikao.

Mkae mkijua pia kwamba hapa Afrika Mashariki hatuanzi sifuri. TASO ya Uganda, shirika la kusaidia watu wenye UKIMWI, iliyoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake ilianza na watu wachache wanaokutana kufarijiana, wakati dawa hakuna na majirani wanakimbia. Na magharibi ya Kenya watu wa AMPATH, mpango wa huduma za afya wa huko, walijaribu kuunganisha vikao vya wagonjwa wa presha na sukari na vikundi vya kuweka na kukopa, matokeo yakatoka 2021, presha za waliokuwa wanatibiwa kwa vikundi zilishuka zaidi kidogo kuliko za waliobaki na huduma ya kawaida, ingawa kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kuthibitishwa. Sio maumivu ya neva, ila inatia moyo kwamba watu wetu wakikaa pamoja kitu kinaweza kutembea.

Lakini hela msianze nayo. Najua sisi Watanzania kikundi bila mchango tunaona hakijakamilika, ya chai sawa, ila mkianza kukopeshana kabla hamjazoeana, wa kwanza kushindwa kurejesha ndiye wa kwanza kuacha kuja, na huyo ndiye alikuwa anakihitaji kikundi zaidi ya wote. Halafu vikundi vya kukopeshana vinatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, kwa hiyo ni kazi nyingine kabisa. Subirini angalau mwaka.

Kuna vitu ambavyo sio vya kikundi, ni vya hospitali siku hiyohiyo. Mguu umelegea ghafla. Mkojo au haja kubwa imekuwa haizuiliki, au mkojo umegoma, au sehemu za siri zimekufa ganzi. Kidonda kwenye mguu wa mtu wa sukari hata kama hakiumi, tena hasa kama hakiumi. Vipele vipya vya mkanda, hapo dawa ya asiklovia inataka ianze ndani ya saa 72. Na mwenzenu akisema nimechoka bora nife, msimwambie acha kukufuru, kaeni naye, mmoja amsindikize kwa daktari, asirudi nyumbani peke yake. Maumivu ya muda mrefu na kukosa usingizi vinafikisha watu hapo, hata wenye imani kubwa.

Limebaki lile grupu la watu 200. Mwanao kakuunga kwa nia njema ila mimi ningetoka. Namba yako inaonekana na wote mle, wamo usiowajua, na sauti zinazotumwa mtu anazifungulia kwenye daladala kwa spika. Halafu angalia wanaoongea sana ni akina nani, mara nyingi ni muuzaji na shuhuda wake. Anakuuzia vidonge vya "kujenga neva", ukisoma nyuma ni vitamini B, sawa kama umepungukiwa, ila B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva, na mtu akiwa anakula makopo mawili matatu tofauti hajui anajumlisha kiasi gani. Dawa nyingine zinazoitwa za mitishamba zinazotuliza ndani ya siku mbili, zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zimechanganywa steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na steroidi inapandisha sukari. Wengine wanatumiana tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo inaleta uraibu, na ukichanganya na amitriptilini inaweza kuleta degedege. Kama unataka WhatsApp, fungueni yenu ya haohao saba, ya kukumbushana mpango wa wiki na siku ya kikao, admini awe mmoja wenu na picha za dawa zisitumwe.

Kutoka huko usiogope kuonekana mkorofi, siku hizi ukitoka taarifa inamwendea admini tu, haitangazwi kwa wote kama zamani. Mwambie mwanao akuonyeshe pa kubonyeza, na kwa kuwa yupo hapo mpe kazi nyingine, aandike kwenye karatasi dawa zote unazomeza na za duka la dawa na za miti, uende nayo kliniki ijayo umwachie nesi.